Maswali ya Wasomaji: Nani Alikuwa Akimjibu Karani?

Barua nilizopokea miezi hii zinafanana kwa jambo moja. Waandishi wake walianza kwa kutafuta mwaka aliozaliwa babu au jina la kijiji alikotoka bibi, wakaishia kukuta jambo ambalo nyumba nzima ilikuwa imekubaliana kutolitaja. Nimechagua barua nne, nikazifupisha na kuondoa majina pamoja na kila kinachoweza kumtambulisha mtu. Kwa kuwa nitalazimika kulirudia katika kila jibu, niliseme mapema: kadi, daftari au cheti ni jibu ambalo mtu fulani alimpa karani siku fulani, naye alikuwa na haja yake siku hiyo. Kabla ya kumhukumu aliyeficha, tafuta kwanza nani alikuwa akiuliza, nani alikuwa akijibu, na jibu la kweli lingemgharimu nini.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mjukuu wa mtu aliyefanya kazi katika mashamba ya mkonge wilayani Muheza tangu kabla ya Uhuru. Sote tumekua tukijua kwamba babu alikuwa Mbondei kama bibi, na kwamba ndugu zake walikwisha kufa wote zamani. Nilipokuwa nikikusanya majina ya ukoo kwa ajili ya mkutano wa familia, nilikuta ndani ya Msahafu wake kadi ya kazi iliyokunjwa mara nne. Ina alama ya dole gumba, jina linaloanza na “Nda”, na mahali pa wilaya pameandikwa “Urundi”. Chini kabisa, kwa wino mwingine, kuna maneno “mke 1, mtoto 1”, ilhali mwaka ulioandikwa kwenye kadi babu alikuwa bado hajamwoa bibi yetu. Baba, aliyezaliwa Muheza mwaka 1952, aliitazama mara moja tu akaniambia niichane, kwa sababu watu wakijua watasema sisi si raia. Je, niichane? Na hao mke na mtoto ni akina nani? (Msomaji wa Tanga)

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Usiichane, wala usimpe mtu mwingine nafasi ya kuichana kwa niaba yako. Huenda hiyo ndiyo karatasi pekee inayomweka babu yako mahali fulani kabla ya Muheza, na ikishapotea hakuna ofisi itakayokuandikia nyingine.

Tuanze na aliyekuwa akiuliza. Mkonge uliingizwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ambaye kati ya miche aliyoiagiza kutoka Florida ni 62 tu iliyopona, na kufikia miaka ya 1950 Tanganyika ilikuwa ikiongoza duniani kwa zao hilo. Wenyeji wa Tanga walikuwa na mashamba yao wenyewe na wengi wao hawakuona sababu ya kushinda juani wakikata majani yenye miiba kwa ujira mdogo, kwa hiyo wenye mkonge walitafuta watu mbali: Kigoma, Songea, Njombe, Msumbiji, na ng'ambo ya mpaka katika Ruanda-Urundi iliyokuwa chini ya Wabelgiji. Mwaka 1944 chama cha wenye mashamba kiliunda ofisi maalumu ya kuajiri, ambayo watu waliijua kwa jina la Silabu, ili ikusanye vijana huko kwao na kuwasafirisha mpaka makambini. Hao ndio waliokuwa manamba. Ukiigeuza kadi hiyo, tazama kama nyuma yake kuna miraba 30. Mfanyakazi wa mkonge alihesabiwa kwa kipande cha siku 30 za kazi, ambazo alitakiwa kuzimaliza ndani ya siku 42, na mraba uliobaki mtupu ulikuwa ni siku ambayo hakulipwa.

Sasa mtazame aliyekuwa akijibu. Kijana ametoka Urundi, ambako kulikuwa na kodi na kazi za lazima, amefika kambini ambako hajui Kiswahili vizuri, na karani anataka jina, wilaya na idadi ya watu wake. Usidhani kwamba jina la kwenye kadi ndilo la kweli na lile la nyumbani ndilo la uongo. Manamba aliyetoroka mkataba katika shamba moja alikuwa ametenda kosa la kisheria, na aliyetaka kuajiriwa katika shamba la pili bila ya kukamatwa alibadilisha jina. Vivyo hivyo maneno “mke 1, mtoto 1” yanaweza kuwa kweli tupu, na yanaweza pia kuwa jibu la kijana aliyeambiwa na wenzake foleni kwamba mwenye familia anapewa chumba chake na posho zaidi kuliko kapera. Wino tofauti unaonyesha kwamba maneno hayo yaliongezwa baadaye, na hilo linanifanya nisiyapuuze, lakini bado si ushahidi wa ndoa.

Kwa nini basi akawa Mbondei? Wewe umezaliwa baada ya mkonge kuanguka, kwa hiyo huenda hujapata kusikia jinsi watu wa vijiji vya jirani walivyowatazama manamba: watu wasio na kwao, wasiozikwa na ndugu, wasiofaa kupewa binti. Aliyetaka kuposa katika nyumba yenye heshima alihitaji kuwa na kabila, dini na mtu wa kumsimamia. Babu yako alivipata vyote vitatu, na nina hakika kwamba wakwe zake walijua kila kitu, kwa maana hakuna mzee wa kijijini anayemwoza binti yake bila ya kuuliza. Siri hiyo haikufichwa kwao. Ilifichwa kwa ajili ya watoto, ili wasiitwe watoto wa manamba shuleni na kisimani. Baba yako naye hakukuuliza Urundi ni wapi, alikwambia uichane. Ninavyoona mimi, hakuwa anaisikia kwa mara ya kwanza.

Kuhusu uraia, hofu yake inaeleweka lakini haina msingi kwa maelezo uliyonipa. Kwa sheria iliyotumika siku ya Uhuru, mtu aliyezaliwa Tanganyika na ambaye tarehe 8 Desemba 1961 alikuwa chini ya himaya ya Uingereza alikuwa raia tarehe 9 Desemba 1961, isipokuwa kama wazazi wake wote wawili walizaliwa nje ya Tanganyika. Bibi yako alizaliwa Muheza. Mzazi mmoja alitosha. Kadi haimpunguzii baba yako kitu, nanyi haiwapunguzii. Kama mashaka yatabaki, mwoneni wakili, na mwende na cheti cha kuzaliwa cha baba pamoja na kumbukumbu yoyote ya kuzaliwa kwa bibi, badala ya kwenda na hofu.

Ukitaka kuwatafuta ndugu, jua kwanza kwamba Warundi hawakuwa na desturi ya jina la ukoo linalorithiwa. Kila mtoto alipewa jina lake mwenyewe, mara nyingi kwa kufuata jambo lililowapata wazazi wakati huo, na ndugu wa tumbo moja waliweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo. Kumtafuta mtu mwingine mwenye “Nda” ileile kutakupeleka kwa wasiohusika. Kinachotafutwa ni kilima alikotoka na jina la chifu wake, na kadi nyingi za kazi zilikuwa na nafasi ya chifu. Isome nafasi hiyo kwa mwanga mzuri hata kama wino umefifia. Ukishapata kilima, vitabu vya ubatizo vya misheni za zamani kama Muyaga, iliyoanzishwa 1898, na Mugera, iliyoanzishwa 1899, vinaweza kuwa na ndugu zake waliobaki hata kama yeye mwenyewe hakubatizwa. Nyaraka nyingi za utawala wa Kibelgiji zilipelekwa Brussels.

Usisahau pia kutazama karibu. Mauaji ya mwaka 1972 yaliwafanya Warundi wengi wakimbilie Tanzania, wakapewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na zaidi ya 160,000 kati yao na wazao wao wamekubaliwa kuwa raia. Inawezekana kabisa kwamba mtoto aliyeandikwa kwenye kadi, kama alikuwapo, ana wajukuu wanaolima Tabora au Katavi na wanaopiga kura kama wewe.

Kwa sasa ipige kadi picha pande zote mbili, irudishe mlimoikuta, na umwombe baba yako akueleze, si kadi, bali babu mwenyewe: aliimba nini alipokuwa peke yake, alikula nini ambacho wenzake hawakula, alihesabu kwa lugha gani alipohesabu haraka. Kwa maswali ya namna hiyo mzee huanza kuzungumza. Akiulizwa “kwa nini mlitudanganya” hunyamaza, na ana haki ya kunyamaza.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Katika kitabu cha ubatizo cha misheni ya Bagamoyo nimemkuta baba wa babu yangu, lakini hana baba wala mama. Kuna jina la msimamizi tu, na neno la Kilatini ambalo padri amenieleza kuwa maana yake ni “aliyekombolewa”. Pia ameandikwa kuwa ni Mnyamwezi, ingawa nyumbani tunajulikana kuwa ni Waluguru. Ipi ni kweli? (Msomaji wa Morogoro)

JIBU: Milele amina. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na katika miaka ya mwanzo waumini wao wengi walikuwa watoto walionunuliwa au kupokelewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa. Aliyejibu maswali ya padri, basi, alikuwa mtoto mdogo aliyetembezwa miezi mingi, au mtu mzima aliyemleta ambaye alijua tu msafara ulikotokea. Mtoto wa miaka sita hulijua jina la mama kuwa ni “mama”. “Mnyamwezi” hapo inaweza kuwa kabila lake, na inaweza kuwa njia aliyopitishwa.

Uluguru nao una maelezo yake, ingawa si ya damu. Vijana waliolelewa Bagamoyo waliozeshwa wao kwa wao na baadhi ya familia zilihamishiwa katika misheni mpya za bara kama Mhonda na Mandera, ambako watoto wao walikua wakizungumza lugha za huko. Rudi katika kitabu hicho na usome pambizoni mwa mstari wake, kwa sababu ndiko ndoa ya mbatizwa ilikoandikwa baadaye, pamoja na mahali ilipofungwa. Ukipata parokia ya ndoa, utakuwa umepata mke, na huenda kumbukumbu za upande wa mke zina mengi zaidi. Nyinyi ni Waluguru. Vizazi vinne vya kulima, kuoa na kuzika mahali pamoja havifutwi na mstari mmoja wa daftari.

SWALI: Assalaam alaykum. Ukoo wetu hapa Unguja unajivunia nasaba yake, na wazee wanaweza kukusomea majina mpaka Oman bila ya kusita. Baada ya babu kufariki nilipewa kazi ya kupanga karatasi zake, nikakuta hati ya mirathi ya mwaka 1911 iliyoandikwa kwa Kiarabu. Sheikh mmoja alinisomea kwamba mwenye mali alimwacha mke, aliyepata thumuni, na watoto, waliogawana kilichobaki. Miongoni mwa watoto hao ni baba wa babu yetu. Mama yake mtoto huyo ametajwa, lakini hakupewa hata senti, na jina lake limeandikwa kwa “bint Abdallah” bila ya nisba yoyote, yaani jina la ukoo au la kabila. Sheikh alisema bila ya shaka alikuwa suria, yaani mtumwa wa kike aliyewekwa na bwana wake kinyumba. Wazee niliowagusia wameniambia niifunge hati hiyo na nisiifungue tena. Kinachonikera ni kwamba mdogo wangu ameposwa na kijana mwenye dini na kazi nzuri, na wazee haohao wamemkataa kwa hoja kwamba babu zake waliletwa kutoka bara wakiwa watumwa. Kikao cha mwisho ni mwezi ujao. Niiweke hati mezani? (Msomaji wa Unguja)

JIBU: Wa alaykum salaam. Sheikh wako amesoma vizuri, lakini neno “bila ya shaka” ningelitoa. Ni kweli kwamba kama mwanamke huyo angekuwa mke aliye katika ndoa siku mumewe alipofariki, angeingia katika thumuni pamoja na mke mwenzake, kwani wake wote hugawana hiyo moja ya nane. Lakini mke aliyekwisha kuachwa na eda yake ikaisha harithi, na mke aliyetangulia kufa pia harithi. Itazame hati tena uone kama ametajwa kuwa ni marehemu, au kuwa ni mtalaka, au kama kuna neno linalomweleza kuwa ni mama wa mtoto tu. “Bint Abdallah” nayo ni dalili, kwa kuwa wengi walioletwa kutoka bara au Uhabeshi na kusilimishwa wakiwa hawana baba anayejulikana walinasibishwa hivyo, lakini Unguja haikupungukiwa na akina Abdallah wa kweli.

Tuseme alikuwa suria, kwa maana ndivyo ninavyoona kuwa inaelekea zaidi. Mwaka wenyewe una maana. Amri ya tarehe 6 Aprili 1897 iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, lakini kwa utaratibu ambao mtumwa alipaswa kwenda mahakamani mwenyewe kuomba uhuru wake, akaulizwa atakaa wapi na atakula nini, na bwana wake akalipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya mlango huo. Walihesabiwa kama wake, na ilipasa kusubiri hadi amri ya mwaka 1909 ndipo nao wakajumuishwa. Kwa hiyo mwaka 1911 nyanya wa babu yenu alikuwa mtu huru kwa vyovyote vile, na karani wa mirathi hakuwa akiandika habari za mtumwa. Alikuwa akiandika habari za mwanamke huru ambaye hakuwa na haki ya mke, katika chumba ambacho aliyejibu maswali, bila shaka, alikuwa ni mtu wa upande wa marehemu.

Na mtoto je? Hapa ndipo wazee wako wanapoona aibu pasipo na sababu. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto ambaye bwana amezaa na suria wake na kumkubali amezaliwa huru, ana nasaba kamili ya baba yake, na anarithi sawasawa na ndugu zake waliozaliwa na mke. Katika madhehebu ya Kishafii mama mwenyewe haruhusiwi kuuzwa tena baada ya kuzaa, na huwa huru siku bwana wake anapofariki. Hati mliyo nayo inathibitisha jambo hilohilo: mtoto amepata fungu lake kamili mbele ya kadhi. Nasaba wanayoisoma wazee mpaka Oman haijapungua jina hata moja. Kilichoongezeka ni mtu mmoja, upande wa kike, ambao hawakuwa wakiusoma. Kama wanadhani kwamba ni jambo la nyumba za chini, wakumbushe kwa adabu kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi, na dada yake Sayyida Salme alizaliwa na suria wa Kicherkesi. Katika kasri hilo hakuna aliyedhani kwamba wao si watoto wa Sayyid Said.

Sasa kuhusu kikao. Ushauri wangu ni kwamba usiiweke hati mezani siku hiyo, na sababu si kuwalinda wazee. Ukiitoa wakati wa mabishano, utakuwa umemgeuza mwanamke huyo kuwa fimbo ya kuwapigia, na kila atakayemkumbuka baadaye atakumbuka ugomvi wa posa. Tena utakuwa umekubali hoja yao bila ya kujua, yaani kwamba mjukuu wa mtumwa ana upungufu, ila nanyi mnao. Kijana atetewe kwa dini yake, tabia yake na uwezo wake wa kutunza nyumba. Kama wazee wanataka kuzungumza habari za kufu, yaani ulinganifu wa wanaooana, suala hilo lina wenyewe, na kadhi atawaeleza kwamba ridhaa ya binti na ya walii wake ina uzito gani. Nasikitika kusema kwamba nimeona posa nyingi zikivunjwa kwa neno “hana asili” na watu ambao hawajapata kufungua sanduku la babu yao.

Hata hivyo sisemi uifunge. Kabla ya kikao, mpelekee mzee mmoja tu, yule ambaye wengine humsikiliza, nenda kwake baada ya Alasiri ukiwa peke yako, umsomee fungu la mtoto kwanza na jina la mama baadaye. Anaweza kukufukuza. Anaweza pia kukutajia jina la mahali alikotoka mama huyo, kwa kuwa wazee wanaokataza mno ndio mara nyingi wenye habari. Akikwambia kabila au mji, nenda Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, ukatazame kumbukumbu za mahakama za walioachwa huru. Waulize pia watu wa Kamisheni ya Wakfu, iliyoundwa mwaka 1905, kwa kuwa mabwana kadhaa waliweka nyumba au shamba kuwa wakfu kwa ajili ya walioachwa huru na watoto wao, na katika hati za wakfu watu hao hutajwa kwa majina.

Jambo dogo la mwisho: usiipeleke hati kwenye duka la kubandikia plastiki, na usiunganishe mikunjo yake kwa gundi ya utepe. Wino wa zamani hauvumilii moto wa mashine ile. Ilaze ndani ya bahasha ya karatasi, mbali na ukuta unaotoa unyevu.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mzaliwa wa Mombasa na sasa ninaishi Uingereza na mume wangu. Nilipewa zawadi ya kipimo cha vinasaba, nikapeleka mate yangu kwa udadisi tu. Majibu yamesema kwamba nina asili ya Iran, jambo ambalo kwetu halijapata kusemwa, kwani sisi tunajulikana kuwa ni watu wa Hadhramaut upande wa baba. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kuna mwanamke aliye Kanada, anayenizidi miaka minne, ambaye ninashirikiana naye asilimia 25 ya vinasaba. Mimi ni kifungua mimba. Baba alikuwa baharia kabla ya kumwoa mama, kwa hiyo jibu liko wazi. Wazazi wote wawili wako hai. Je, nimwambie mama? (Msomaji aliye London)

JIBU: La Iran nitalimaliza haraka. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80, wengi wao wa miji ya kale ya pwani yetu, ikiwemo Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa. Wengi wao walikuwa na mchanganyiko wa asili ya Afrika, iliyotoka zaidi kwa wanawake, na asili ya Asia, ambayo sehemu yake kubwa ilitoka kwa wanaume wa Uajemi, ndiyo Iran ya leo, na mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Asili ya Kiarabu iliongezeka baadaye, baada ya mwaka 1500 hivi. Kwa mtu wa Mombasa kukuta Uajemi katika damu yake si siri ya familia, ni historia ya pwani nzima. Na tena huenda imetoka upande wa mama yako, ambao barua yako haikuutaja kabisa.

Kutoutaja huko kunanirudisha kwenye jambo lako kubwa. Asilimia 25 ni kiwango cha ndugu wa mzazi mmoja, lakini pia ni cha shangazi, mama mdogo, mpwa, au bibi na mjukuu. Kwa tofauti ya miaka minne bibi ametoka, lakini shangazi au mama mdogo hajatoka. Babu na bibi waliopata mtoto wa mwisho wakiwa watu wazima wanaweza kumpa mjukuu wao shangazi wa rika lake. Kabla ya kumfikiria baba yako, waondoe kwanza babu na bibi zako wa pande zote mbili.

Tuseme mwanamke huyo ni ndugu yako wa mzazi mmoja. Umeamua kwamba mzazi huyo ni baba kwa sababu alikuwa baharia, na mabaharia wana sifa zao. Kipimo hakijasema hivyo. Bahati nzuri nyote wawili ni wanawake, na hilo linatoa njia ya kujua. Mwanamume ana kromosomu X moja tu, naye huipitisha nzima kwa kila binti yake. Mabinti wawili wa baba mmoja lazima wafanane katika X hiyo mwanzo hadi mwisho. Baadhi ya kampuni huonyesha ulinganisho huo, na nyingine hukuruhusu kupakua data yako na kuilinganisha mahali pengine, mwenzako akikubali. Mkifanana vipande vipande tu, au msipofanana kabisa, baba yako si baba yake.

Usichukue mate ya mzazi wala ya ndugu bila ya ridhaa yake, hata kwa nia njema. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za vinasaba, pamoja na habari za familia ya mtu, kuwa data nyeti, na mambo ya nyumba ya watu hayafai kupita mlango wa nyuma.

Hatua ya kwanza, basi, si kwa mama wala kwa baba. Mwandikie mwanamke huyo barua fupi ya heshima, usimtaje mzazi yeyote, umsalimu na umweleze tu kwamba mmetokea kuwa jamaa wa karibu. Kisha muulize mambo matatu: alizaliwa mji gani, alizaliwa mwaka gani, na katika wazazi wake ni yupi asiyemjua. Akijibu kwamba alilelewa na mama yake na hakupata kumjua baba, na X zenu zikafanana, zungumza na baba yako peke yake, umpe muda wa kumweleza mkewe kwa kinywa chake mwenyewe. Akijibu kwamba alizaliwa Mombasa, akatolewa akiwa mchanga, na asiyemjua ni mama, usipige simu. Subiri mpaka utakaposafiri, ukae na mama yako mkiwa wawili tu, na umwache yeye achague kama anataka kulizungumza.